Kipimo cha Gazeti

Niliingia dukani na kipande cha gazeti,
nimekikata sawasawa na kijimeza
kilichopigiliwa chini ya dirisha
katika chumba changu, behewa la saba,
Almaty hadi Aktau, siku mbili na ushei.
Nikakitandaza juu ya kioo cha kaunta.
"Hiki ndicho kiwanja," nikamwambia muuzaji.
"Kisichoenea hapa usinitolee."

Sanzhar, kijana wa juzi, ndevu bado zinashauriana,
akanitolea jitu lenye herufi za kuwaka,
nyekundu, kijani, zambarau,
kama harusi ya watu nisiowajua.
Feni ikakohoa, kisha ikavuma
mithili ya kikaushia nywele cha dada yangu Zaure.
"Hii, mama, hakuna gemu linaloishinda."
Nikaiinua kwa mkono mmoja. Kiwiko kikanijibu.
Kubwa jinga.
Na chaja yake peke yake ni tofali.

Nikamweleza, maana alikuwa anasikiliza:
natandika vitanda thelathini na sita,
nachochea makaa ya tangi la maji ya chai,
nasugua choo, naamsha walevi
stesheni zao zinapokaribia.
Saa nane za usiku
ndipo dunia hunipa dakika arobaini.
Dakika hizo nalima.

Akainua nyusi.
Nalima, nikarudia. Kuna gemu la kijishamba:
nyanya, vitunguu, kuku watano,
jirani mmoja mbishi.
Simpigi mtu risasi, sifukuzi magari.
Shamba la udongo tuliliuza, kule Taldykorgan,
mwaka ule figo za mume wangu zilipogoma.

Hapo akaacha kunishawishi, akaanza kutafuta.

"Inakaa saa ngapi bila kunyonya umeme?"
(Soketi ya ukumbini ni moja,
na kila abiria ana simu na hasira.)
"Kumi," akasema.
"Kumi za dukani au kumi za kweli?"
Akajikuna shingo. "Saba. Kukiwa na baridi, sita."
Jibu hilo nililipenda kabla sijaipenda mashine.

Inchi kumi na moja. Mtumba.
Kifuniko kina mkwaruzo wa mwenyewe wa kwanza,
herufi moja imelegea kama jino la mtoto.
Haina feni, bubu kabisa,
na chaji yake ni waya uleule wa simu.
Nikaipima kwa mkono unaojua mabirika:
birika dogo, nusu ya maji.
Ikalala juu ya gazeti,
pembeni pakabaki vidole vitatu,
mahali pa glasi ya chai.

"Ila mvua ikinyesha humo ndani ya gemu,
itakwama," akanionya. "Matone ni mengi,
na kichwa chake ni kidogo."
Nikahesabu tenge zangu. Zikabaki za mkate.

Sasa tumeipita Kyzylorda.
Kichanga cha chumba cha nne kimelala, hatimaye.
Kila kona mashine inateleza kidogo,
nimeitandikia kitambaa kibichi.
Mvulana wa kitanda thelathini na moja
amesimama mlangoni kwa soksi, usingizi umemkataa.
"Nyanya zako zina kiu," ananong'ona.
Namwambia, subiri, wingu lile.

Mvua inaanza. Picha inaganda:
tone moja limening'inia juu ya kuku,
kuku ana mguu mmoja hewani.
Na sisi pia tunapunguza mwendo,
breki zinalia, tunasimama
mahali pasipo jina wala taa.

"Imeharibika?" anauliza.
Sijui anauliza ipi.
"Hapana. Inapisha."

Treni ya mafuta inapita dirishani,
tunahesabu matangi, yeye kwa vidole, mimi kwa mazoea.
Arobaini na mbili. Arobaini na tatu.
Kuku anashusha mguu.