Uzi wa Tatu

Taisto Ruokolainen alilileta gita lake
limezongwa blanketi kama mgonjwa wa homa.
Kouvola, Februari, nyuzijoto hasi ishirini na mbili,
masharubu yake yameota barafu.
"Linalia," akasema.
"Linalia wapi?"
"Humo."
Huku kwetu maneno hayamwagwi ovyo.

Nikalilaza kifudifudi, nikafungua kifuniko cha mgongoni,
skrubu sita, moja haimo,
na tumboni springi tatu zimejinyoosha, zimeshiba vumbi.
Nikapiga uzi mnene. Zikaitika
kama waitikiaji wasioalikwa:
mwimbaji kashanyamaza, wao bado wamo.
Nikakata sponji ya godoro la mbwa wangu, marehemu,
nikaipenyeza nyuma yao.
Kimya.
Yaani, nusu kimya.

Mshtakiwa wa pili, mkono wa mtikiso.
Hesi zimelika; ukiugusa unacheza
kama jino la mtoto wa miaka sita.
Nikauzungushia mkanda mweupe wa mafundi bomba,
mizunguko miwili, maana wa tatu ungeukwamisha,
nikaurudisha tunduni. Ukakaa pale nilipouacha.

Kisha vile viti vya daraja, sita,
kila kimoja na miguu miwili myembamba kuliko sindano ya viatu,
na mguu mmoja uliolegea hutosha
kugonganisha vikombe vya karamu nzima.
Nikalitia gita meno, pembeni, kwenye mbao,
kwa sababu sikio hudanganywa na chumba
lakini taya hupokea mtikisiko wenyewe, mbichi.
Kiti cha tano. Robo ya mzunguko.
Tone la rangi ya kucha, skrubu isitoroke tena.

Taisto yuko kwenye stuli, kofia mapajani, kahawa ya tatu.
"Jaribu."
Akapiga kile kipande cha huzuni wakipendacho wacheza dansi wa Jumamosi,
akaubonyeza mkono taratibu,
sauti ikainama kama mtu anayeokota ufunguo thelujini,
ikainuka, safi, safi,
hadi uzi wa tatu.

Zzzz.
Nzi ndani ya chupa.

Nikafungua upya. Nikabadilisha nyuzi.
Nikalaumu baridi, nikalaumu kiwanda,
nikamlaumu fundi mmoja wa Lahti ambaye sijawahi kumwona.
Nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mzee,
gita hili linajila lenyewe."

Hakunijibu. Aliinuka, akaenda dirishani
panapotazamana na reli za mabehewa ya mizigo.
"Piga."
Nikapiga. Zzzz.
Akabandika kiganja kwenye kioo.
Kimya.
Akakiondoa. Zzzz.
Akakirudisha, na hakuniangalia, kwa adabu.

Miaka kumi na tisa nimekaa na dirisha lile!
Miaka kumi na tisa ya magita ya Februari
niliyoyarudisha kwa wenyewe na bili na pole,
nikiwaambia mbao imekauka, nikiwaambia mfupa umechoka.
Nyani, kweli, haoni kundule.

"Puti imekufa," akasema Taisto,
na hapo ndipo nilipojua kazi aliyostaafu:
miaka arobaini na mmoja ya kutia vioo,
stesheni, hospitali, shule ya msingi ya watoto wangu.
Kesho yake alikuja na donge ndani ya mfuko wa mkate,
akalipasha moto kwapani kwanza,
akalipaka ukingoni kwa dole gumba
kama asiyafikiriaye.
Malipo hakutaka. Yake nami sikuyataka.

Treni ya magogo imepita sasa hivi. Kioo kimenyamaza,
na katika ukimya huo nasikia kijiko changu
kikitetemeka kwenye kisahani. Nimekitoa.

Nimeshika simu.
Hillevi wa Inkeroinen, mpiga besi, majira ya baridi ya mwaka juzi.
Nilimtoza euro themanini kunyoosha shingo iliyonyooka.
Inaita.
"Hillevi? Ni mimi, fundi.
Ile besi yako.
Haikuwa na kosa lolote."