Picha Iliyokosa Uso

Mwezi wa sita, Kitangari, hewa ina ladha ya salfa.
Mashine za kupulizia zinanguruma mikoroshoni tangu alfajiri,
nami nafuta lenzi kwa pindo la shati,
naitazama, nafuta tena.
Kukiwa na mafuta, pikipiki ya Mchopa hunifikisha Newala, ukingoni,
pale ardhi inapokatika ghafla kama sentensi ya mtu aliyeitwa,
na chini kabisa, bonde la Ruvuma, kijani juu ya kijani.
Nimelipiga bonde lile mara arobaini.
Hajanunua mtu hata moja.
"Kwani hilo hatulioni kila siku?"

Basi nakula kwa nyuso.
Studio yangu ni shuka la buluu na stuli moja.
Pasipoti nne, elfu tatu.
Wanafunzi wenye shingo zilizokazwa,
wakulima wa vitambulisho wasiothubutu kucheka mbele ya serikali.
Bibi mmoja wa Mnyambe, chale zimejaa mashavuni,
alinisihi: "Zifiche kidogo, wajukuu wananiita ramani."
Sikuzificha. Nilimgeuzia dirishani,
nuru ikapita juu yake polepole
kama kidole cha anayejifunza kusoma.
Aliishika picha mpaka bodaboda ikampigia honi mara tatu,
akanilipa bakuli la njugu mawe.

Kisha mnada hufunguliwa, hela huingia,
na Jumamosi moja huwa na harusi tatu.
Suti za kuazima. Wanja wa Masasi unaotiririka kwa joto.
Wajomba wanaotaka wapigwe na keki,
wapigwe na spika, wapigwe na gari la mwenzao.

Harusi ya Somoe, mtoto wa Bi Litingo,
mwaka ule wa bei nzuri, niliiharibu mimi.
Kamera ilikuwa mpya, ya mkopo, hatujazoeana.
Bibi harusi anatoka mlangoni, vigelegele, mchele unamwagwa,
nikabonyeza, na kamera ikachagua yenyewe:
uso wa Somoe ukawa ukungu,
nyuma yake, mkali kama sindano, mkorosho.
Kila jani. Kovu la panga kwenye shina.
Kipande cha waya kilichomezwa na gome.
Bi Litingo hakunigombeza.
Ila kwa miaka tisa, akipita studioni kwangu,
alitazama upande wa mashine ya kusaga.

Juzi aliingia. Hakukaa.
"Ile picha mbovu, unayo?"

Jirani yake, Chilumba, amesogeza mpaka.
Mkorosho kaukata usiku, kisiki kakichoma,
mihogo aliyopanda juu ya majivu imefika kiunoni,
na mbele ya baraza la kata ameapa
kwamba pale hapajawahi kusimama mti.

Nilitafuta hadi jogoo. Umeme ulikatika mara mbili.
Diski ya kwanza imekufa.
Ya pili, mahafali, kipaimara, maziko ya mwalimu mkuu.
Ya tatu, kati ya sinia la pilau na mpiga ngoma aliyefumba macho,
nikaukuta. Niliuchapa mkubwa kuliko harusi yenyewe.

Barazani karatasi ilipita mkono kwa mkono.
Katibu akaisogeza karibu na miwani:
"Na huyu aliyefifia hapa mbele ni nani?"
"Mwanangu," Bi Litingo akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja kitu cha pembeni.
Chilumba alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake.
Wakaahirisha mpaka Alhamisi.

Nje, Somoe alinisubiri, mtoto mgongoni.
"Mti umeupatia. Mimi nakudai uso."
Nikamwambia njoo Jumamosi, jua likilala.
"Miaka tisa. Hapa hapa."
Saa saba mchana, nuru mbaya kuliko zote,
mtoto akivuta kitambaa, salfa kwenye kope,
midomo imebanwa, kicheko kinatafuta pa kutokea.
Nikabonyeza mara moja tu.

Bado sijaifungua.
Uso najua nimeupata.
Ninachoogopa kutazama
ni kilichosimama nyuma yake.