Fuko wa Shati Jekundu

Kibandani kwa Khaukha, Namakwekwe, mjini Mbale,
shilingi mia mbili zilikununulia roho tatu.
Uliruka mashimo, ukavunja matofali kwa kichwa,
nami nikiruka nawe, kiti kikilia.

Michezo minne, kisha kampuni ikafa.

Sasa nakuona kwa jicho la pembeni:
bango la mashabiki kwenye mbio za magari,
kinyago dirishani mwa duka la silaha,
na mara moja, katika mchezo wa ngumi,
umekaa jukwaani unatafuna karanga.
Hakuna kitufe cha kukuita.

Ndivyo alivyo kaka Wamono tangu ahamie Juba.
Picha ya harusi ya Nambozo:
nyuma ya keki, bega moja, shati jekundu.
Nilipoikuza
akageuka viraba vitupu,
kama wewe.