Tiketi ya Siku Nzima

Miaka thelathini na mmoja nimepita Steinreuth
saa moja na dakika kumi na saba za asubuhi,
nikitoboa tiketi za wanafunzi na wauguzi,
wala sijawahi kushuka.
Kijiji nilikijua kwa pua tu:
kila Jumanne mlango ulipofunguka
harufu ya shayiri inayochemka iliingia behewani
kama abiria asiye na nauli,
na mimi, mkaguzi, sikuitoza.

Leo nimeshuka.

Sina sare. Nina koti la mvua la dada yangu,
limenipita mabega,
na jirani yangu Hedwig, ambaye hanywi,
amekuja, asema, kuhesabu.

Kiwanda chenyewe ni zizi la zamani.
Mapipa manne ya chuma yamesimama
palepale walipofungwa ng'ombe,
na juu ya kila pipa lipo bado jina la ng'ombe.
Bia yangu imetoka kwa Liesl.
Nyeusi, nzito, uchungu wake haukupokei mlangoni;
unakuja umekwisha kumeza,
kama jibu ambalo ungelimpa mtu jana.
Mpikaji, kijana mwenye vumbi la kimea nyusini,
amesimama anangoja neno.
Mgema akisifiwa, mwisho wake waujua.
Basi nanyamaza, naomba nusu nyingine.

Hedwig anaandika: moja na nusu.

Kutoka hapa hadi Moosbrunn ni dakika sita.
Dakika hizi ninazo mwilini:
kona ya kulia, daraja, ghala lisilo na paa,
kisha pale ambapo kila asiyeshika kitu huyumba.
Nayumba.
Si bia, namwambia Hedwig, ni reli.
Na hilo pia analiandika.

Moosbrunn bia hupikwa na ndugu wawili wa kike
katika posta iliyofungwa.
Kimea chao hukaushwa kwa moshi wa kuni,
na bilauri inanuka jiko la mtu aliyehama.
Nakunja uso. Dada mkubwa anacheka:
wote hukunja, hata baba alikunja,
na ndiye aliyeianzisha.
Wanauzia dirishani, palipouzwa stempu.
Mizani ya vifurushi bado ipo;
mtu ameweka juu yake kiatu cha mtoto,
gramu mia na kumi.

Hapo mwanamume mmoja ananitazama, ananitazama,
mpaka anasogeza kiti.
"Wewe ulinitoza faini mwaka ule wa mafuriko.
Nilikuwa nakwenda kumzika mjomba."
Natafuta uso wake kichwani, siupati.
Nilitoza wengi, na wengi walikuwa na mjomba.
Analipia bilauri yangu, anaondoka,
na mpaka sasa sijui
kama ule ulikuwa msamaha au riba.

Hedwig hakuandika kitu.

Treni ya jioni ina taa za samawati zisizompendeza mtu.
Nasikia hatua kabla sijamwona:
kisigino, kisigino, kimya, kisigino.
Hatua hizo nilizifundisha mimi.
Ansgar. Ndevu zimemwota, tumbo limeanza.
"Bi Kestler!" Kisha, kwa mazoea: "Tiketi, tafadhali."

Tiketi ninayo, ya siku nzima, ya watu wawili.
Muhuri hauna.
Tangu asubuhi, treni nne, sikuigonga.
Anaigeuza, anaitazama dari,
anataka kuirudisha mkononi mwangu
kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala.
"Andika," nasema.
"Bi Kestler, mimi..."
"Nilikufundisha nini? Andika."

Akatoa kalamu. Euro sitini.
Behewa zima likajifanya linasoma.
Akauliza, macho kwenye karatasi,
swali ambalo nimewauliza watu
nusu ya maisha yangu bila kusikiliza jibu:
"Umepandia wapi?"

"Steinreuth," nikasema,
na lile jina lilikuwa bado chungu kidogo,
mwishoni, baada ya kumeza.