Pua ya Inchi Sita

Chumba kilikuwa ghala la karafuu la babu.
Hata leo ukikwangua ukuta kwa ukucha
unatoka na harufu ya msimu mkubwa.
Sasa kina mifuko themanini na mbili ya mabua ya mpunga,
imening'inia kwa kamba kama popo wa mchana,
na uyoga unachungulia matunduni,
shingo ndefu, kofia ndogo kama kifungo cha shati.

Nilidhani ni mbegu.
Nilidhani ni jicho la mtu.
Nikazidisha maji, shingo zikazidi.

Shaame Faki, fundi bati wa nyuma ya soko la Wete,
alisimama mlangoni, hakuingia.
Akavuta pumzi moja, akakohoa.
"Mwanamize, hawa wana njaa ya hewa.
Wanapumua kama sisi.
Wanarefusha shingo kama mtoto
aliyefunikwa shuka gubigubi."

Dukani Chake palikuwa na bomba la karatasi ya fedha,
jepesi, linavutika na kurudi kama kodiani.
Nililipenda.
Shaame akaingiza mkono:
"Pitisha vidole. Mbavu zote hizi!
Hewa itagonga kila ubavu, iombe radhi, iendelee.
Feni yako itachoka kabla ya adhuhuri,
na maji yatalala mabondeni yaote ukungu."
Bati alilikataa mwenyewe, yeye fundi bati:
"Kwa chumvi ya kisiwa hiki?
Miaka miwili, utakuwa na chekeche."

Likabaki lile la plastiki, la kijivu, inchi sita,
laini ndani kama koo.
Mwenye duka akauliza, "Mnajenga choo?"
"Tunajenga pua," akasema Shaame.

Ukuta wa babu ulikula tindo mbili.
Tundu la kutolea hewa akalitoboa chini, kimo cha goti,
maana hewa iliyokwisha kutumika
hutuama kama mashapo ya kahawa.
La kuingizia akaliweka juu, upande wa kivuli,
akalivika kipande cha chandarua, vijinzi visipite.
Mimi nilitaka bomba lizunguke kabati,
lipite nyuma ya mlango, lisionekane na wageni.
Kona tatu.
Akachora kwa mkaa ukutani:
"Kila kona ina ushuru wake.
Kona tatu, hewa itafika nje mikono mitupu."
Tukabakiza moja, naye akaiunga kwa viungo viwili
ili igeuke taratibu, kama mtu mzima.
Akalilaza bomba mteremko wa kidole kuelekea nje,
jasho lake lisirudi kwenye feni.

Jambo moja hatukulipima.
Asubuhi Salhina alisimama penye kamba yake ya nguo:
"Mwanamize, kanga zangu zinanuka msitu."
Basi kona ya pili, juu, kuelekea mgombani.
Shaame alifungua mdomo, akaufunga.
Ushuru ule haukuwa wa hewa.

Umeme uliporudi, baada ya magharibi,
nilichukua chetezo cha mama na kipande cha udi.
Nikafunga mlango, tukabaki wawili na moshi.
Ukapanda. Ukasita.
Ukazunguka mifuko kama mgeni
anayetafuta viatu vyake nje ya msikiti.
Kisha ukainama,
wote, hadi uzi wa mwisho,
ukaingia bombani.

Hatukusema kitu.
Kutoka uani kwake Salhina akapaza sauti:
"Leo anaoa nani?"

Siku ya tisa nilichuma kilo tatu na robo,
kofia pana kama visahani.
Fungu la kwanza nilimpelekea yeye.
Akaugeuza mmoja chini juu, akautazama kwa muda
zile mbavu nyembamba, zote zikielekea shinani.
"Kumbe," akasema, "na huu nao una mabomba yake."