Vifundo Viwili

Waya wa mwisho nimekwisha kuulehemu.
Utando u tayari, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
umewambwa katikati ya mabamba mawili ya matundu,
unangoja volti mia tano na themanini
ziutie woga utetemeke, uimbe.
Sanduku la amplifaya nimelifunga kwa mbao ya mninga
asije mtu akapenyeza kidole, akaacha wosia.
Kimebaki kitu kimoja: mkono wa kusema
basi, hapo panatosha.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa.
Luhende wa vipuri, nyuma ya stendi,
akanimwagia mezani volyumu za kila ukoo.
Hii ya kaboni, bei yake sahani ya wali.
Nikaizungusha. Ikakwaruza
kama kuku anayetafuta punje juu ya bati.
"Vumbi tu hilo, Kalunde."
Vumbi! Tabora, mwezi wa Septemba,
hata sala zinapanda na vumbi lake.

Na vumbi si kosa lake kubwa.
Ishushe mpaka chini, pale sauti inapochungulia tu:
sikio la kulia limeshapata,
la kushoto bado lipo kwenye foleni.
Mapacha, mhimili mmoja,
na hawajawahi kuamka pamoja.

Basi nikachukua swichi ya hatua ishirini na nne.
Rezista arobaini na nane, nikazipima moja moja
usiku, Isevya, taa ikipepesa,
mpaka kulia na kushoto vikalingana kwa tarakimu ya tatu.
Uadilifu mtupu.
Ila kati ya hatua ya sita na ya saba
hapana pa kusimama,
nami nawajua watu wanaoishi hapo hapo.

Nikamvisha Baba hedifoni.
Kanda ni ya kwaya ya Moravian, mwaka themanini na sita,
mgeni mmoja alikuja na maikrofoni mbili
akazisimamisha kama askari wa zamu:
sauti ya kwanza kulia, sauti ya pili kushoto,
na Mama mstari wa mbele, kushoto kabisa.
"Nzuri," akasema Baba,
kwa adabu ya mtu aliyepewa ugenini chai isiyo na sukari.
Nikatazama mita. Sawasawa.
Baba ameinamisha kichwa upande mmoja.

Ndipo nikaikumbuka honi.
Miaka ishirini na sita kwenye treni ya Mpanda,
injini inanguruma, dirisha wazi,
hadi siku moja sikio lake la kushoto likashuka Kaliua,
la kulia likaendelea na safari.
Nami nimekesha nikilinganisha rezista
kwa mtu ambaye reli ilikwisha kumgawa.

Nikang'oa kila kitu.
Nikarudi kwa volyumu za kaboni, mbili, za peke yake,
nikaziosha kwa spiriti mpaka zikaacha kunung'unika,
nikaipa kila moja sikio lake,
mlangoni, kabla sauti haijapanda ngazi ya volti,
maana huko juu umeme haupokei samahani.

Baba akashika vifundo vyote viwili.
Cha kulia akakiacha nilipokiweka.
Cha kushoto akakipandisha polepole,
kama anavyolegeza breki akiijua shehena iliyo nyuma yake.
Kanda ikazunguka.
Kisha akapaza sauti, nyumba nzima ikamsikia,
kwani mwenye hedifoni hajui ukubwa wa sauti yake:
"Kumbe ulikuwa unachelewa kuingia!
Ubeti wa pili! Umechelewa!"

Jikoni mfuniko ukagonga sufuria.
"Mwulize mpiga kinanda! Yeye ndiye aliyewahi!"

Hakumsikia.
Kidole kilikuwa kingali kwenye cha kushoto,
kinaongeza kidogo.