Jozi za Mizani

Mita elfu moja na mia nne, nimezipima kwa gurudumu,
kutoka mizani ya malori hadi ofisi ya machimbo,
na chokaa ya Buxton imenipaka mpaka nyusi:
nimezeeka kabla ya chai ya saa nne.

Kazi yenyewe hii. Lori likipanda mizani,
tani zake zipite kwenye waya
zimfikie Maureen anayeandika ankara,
isipungue njiani hata kilo,
kama mshairi wa kwetu asivyopunguza silabi.
Modemu ninazo mbili, kila moja kama mkate wa boflo.
Bado waya.

Clifford Heathcote anabingirisha roda kutoka stoo.
"Huu hapa. Haujaguswa."
Nauchuna ncha: waya bapa wa simu,
nyuzi nne zimelala sambamba kama wagonjwa wodini,
kila uzi na homa yake.
Huu, namwambia, ni wa kutoka ukutani hadi mezani.
Ukiupitisha kando ya mota za kinu cha mawe
utampelekea Maureen mngurumo.
"Waya ni waya," anasema.

Waya si waya.
Baba yangu alisokota katani kiwandani, Tanga,
viganja vyake vikikwaruza hata akikubembeleza,
naye hakuuamini uzi uliolala peke yake.
Shaba nayo ndivyo. Isokote miwili miwili, kwa karibu:
kelele ikija huikuta yote miwili,
huizaba kofi lile lile,
na modemu kule mwisho hutoa hili katika hili.
Kofi toa kofi, hakuna.
Linabaki neno.

Kwa hiyo nataka jozi mbili, ya kwenda na ya kurudi.
Shaba nene, maana njia ni ndefu
na waya mwembamba hula nusu ya mzigo aliotumwa.
Ganda lisilo na uchoyo: kila mita hunyonya kidogo,
na alama zilizoondoka na pembe kali
hufika mviringo, kokoto za mtoni.
Foili juu yake, ikafungwe ardhini upande wa ofisi tu.
"Mbona si kote kote?"
Ardhi ya huku si ardhi ya kule, Clifford.
Radi ikipiga kilima zitakosana,
na ugomvi wao utapita humu.
Mshika ardhi mbili huungua.

Bei ilimvua meneja miwani.

Siku mbili Clifford hakusema kitu. Ya tatu:
"Upo ule wa baba."
Umefukiwa tangu hamsini na moja, koti la risasi,
jozi nne zilizovikwa karatasi, kavu kama biskuti.
Nikaupima: omu sabini na sita, kwenda na kurudi.
Nikataka kuuamkia.
Lakini modemu ziliitikiana kwa kasi ndogo tu;
nikiongeza, kimya.

Tukaufuata kwa miguu, mvua ya ubavuni,
kisanduku hadi kisanduku.
Katikati ya njia, ndani ya chuma kilichoota kutu,
koili, nono kama vitumbua, moja kwa kila jozi.
Ziliwekwa kwa ajili ya simu, zinenepeshe sauti.
Sauti hupita. Kilicho juu ya sauti hukatwa shingo.

Clifford alizikata mwenyewe zile mbili tulizozihitaji.
Alisimama nazo mkononi, maji yakimtiririka mkononi hadi kiwiko.
"Mama alikuwa karani kule chini.
Baba humu ndimo alimoomba wakutane."
Moja akaitia mfukoni. Nyingine akaitazama,
akaitia mfuko wa pili.

Nikaunganisha shaba na shaba, nikafunika.
Lori la kwanza: tani ishirini na nane, kilo mia nne na sitini.
Maureen akatupigia, kwa jozi ya zamani, kusema imefika,
na sauti yake ilikuwa nene kweli.

Juu ya kisanduku nikaandika kwa rangi nyeupe:
JOZI YA TATU NA YA NNE. KOILI ZISIRUDISHWE.